Kitalu Nyumba Kilichopigwa na Upepo: Ukarabati Uanzie Chini

Kitalu nyumba kikipigwa na upepo, jambo la kwanza wenye vitalu wengi hulifanya ni kuulizia bei ya nailoni. Si ajabu. Nailoni ndiyo inayoonekana imechanika, ndiyo inayopigapiga usiku kucha mpaka majirani wanakosa usingizi, na ndiyo inayouzwa dukani kwa mita. Lakini katika vitalu vya uani nilivyovikagua Arusha, Dodoma na Mbeya, mara nyingi nailoni ilikuwa ya mwisho kuharibika. Kabla yake kulikuwa na nguzo iliyoliwa na mchwa chini ya udongo, au paa lililobebeshwa nyanya kupita uwezo wake, au mlango ambao haukuwahi kufunga vizuri tangu fundi aondoke. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila aliyepatwa na hasara hii ni mmoja: tengeneza kutoka chini kwenda juu. Ardhi kwanza, kisha nguzo, kenchi, neti, na nailoni iwe ya mwisho. Anayeanza na nailoni atainunua mara mbili.

Saa za kwanza baada ya dhoruba ni za kuokoa, ukarabati utafuata. Kama kuna waya wa umeme unaoingia kitaluni, ukate kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga ndani. Funga koki ya tangi, maana mpira wa matone uliokatika unaweza kumwaga tangi zima la lita 1,000 kabla hujagundua. Usipande juu ya kenchi iliyopinda, na usiingie chini ya paa lililoinama likiwa limebeba maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dimbwi la mita mbili kwa moja lenye kina cha sentimita 10 juu ya nailoni lina uzito wa kilo 200, na mbao iliyokwisha kupasuka haitoi taarifa kabla ya kuachia. Funga kisu kwenye ufito mrefu, simama nje pembeni, utoboe dimbwi hilo maji yateremke. Nailoni inayopigapiga ibane kwa kamba pana au vipande vya mpira. Usiikatekate bado hata kama imeisha, kwa sababu ina kazi moja kubwa iliyobaki, nitaieleza mbele.

Mimea nayo isisahauliwe. Nyanya au pilipili hoho iliyokulia chini ya nailoni ikikutana na jua kali ghafla, matunda hubabuka na kupata mabaka meupe ambayo baadaye huoza. Tandaza neti ya kivuli juu yake kwa siku chache, au hata makuti na nyasi kavu juu ya fito. Nyanya zilizoanza kugeuka rangi zivune zote. Zitaivia ndani ya nyumba bila shida. Matawi yaliyovunjika yakatwe kwa kisu safi wakati majani yamekauka, kwa sababu kidonda kibichi kwenye unyevunyevu ni mlango wa ukungu. Kisha piga picha kila kona kabla hujahamisha kitu, hasa kama kitalu kina dhamana ya muuzaji au kilijengwa kwa mkopo wa kikundi. Utazihitaji.

Ukishaokoa cha kuokoa, kaa utafute chanzo. Kitalu kilichoharibika husomeka ukikitazama kwa utulivu. Nailoni iliyong'oka ukingoni ikiwa bado nzima inaonyesha kwamba ilifungwa vibaya. Iliyochanika katikati, kwa mstari ulionyooka juu ya bomba, ilikuwa imeunguzwa na joto la bomba lenyewe. Iliyopasuka vipande vikavu vinavyovunjika mkononi umri wake ulikwisha, na upepo ulikuja kumalizia tu. Na paa lililozama katikati huku kuta zimesimama halikuangushwa na upepo hata kidogo. Limeangushwa na maji au na mazao.

Upepo wenyewe unahitaji kueleweka, maana wengi wanaudharau. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ambao uko mbali kabisa na kimbunga, unasukuma karibu kilo 14 kwenye kila mita ya mraba ya ukuta unaoukabili. Mwendo huo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Tena upepo hausukumi ukuta peke yake. Unapopita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ukiingia ndani kwa mlango ulioachwa wazi bila kuwa na pa kutokea, unalisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili zikikutana, kitalu hung'oka na nguzo zake. Ndiyo maana mlango mbovu, ambao mwenye kitalu huuona ni jambo dogo, unaweza kugharimu paa zima.

Vitalu vingi vya kwetu vina paa la ngazi mbili lenye upenyo juu wa kutolea joto. Upenyo huo unatakiwa utazame upande upepo unakoelekea, usitazame unakotoka. Dodoma, kwa mfano, upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, na huwa mkali zaidi kuanzia Agosti. Kitalu ambacho upenyo wake umetazama mashariki pale Dodoma ni mdomo uliofunguliwa kuupokea upepo huo. Kama chako kimejengwa hivyo na ni cha mbao, ukarabati huu ndio nafasi ya kuuhamishia upenyo upande wa pili. Kama ni cha mabomba na gharama haikubali, weka pazia la nailoni juu ya upenyo, linaloshushwa kwa kamba siku za upepo na kupandishwa siku za joto. Watu wa pwani wana kazi zaidi hapa, kwa sababu kusi na kaskazi hubadilishana kwa mwaka. Pazia kwao ni lazima.

Sasa nguzo. Chukua bisibisi imara na jembe dogo. Fukua sentimita 15 kuzunguka kila nguzo, kisha ichome pale inapokutana na uso wa ardhi. Hapo ndipo mbao huoza kwanza, kwa kuwa pana unyevu na hewa kwa pamoja; juu pamekauka, na chini zaidi hakuna hewa ya kutosha. Bisibisi ikizama, nguzo hiyo imekwisha, hata kama juu inaonekana mpya. Usikague zile zilizoanguka tu. Zilizosimama zilipandwa siku ileile, kwenye udongo uleule, na fundi yuleyule.

Nguzo iliyooza chini lakini nzima juu si lazima itolewe yote. Simamisha nguzo pacha pembeni yake, iliyowekwa dawa, izame angalau sentimita 60. Zifunge pamoja kwa bolti mbili zinazotoboa zote mbili, misumari haitoshi, kisha kata kipande kilichooza. Shimo lijazwe zege la saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili na kokoto ndoo nne. Juu ya ardhi lipe zege hilo mteremko mdogo kuzunguka nguzo ili maji yatiririke nje. Wengi humaliza zege likiwa na kibakuli kinachotuamisha maji, na nguzo mpya huanza kuoza mwaka uleule. Zege limwagiliwe na kuachwa siku 7 kabla ya kuvuta nailoni juu yake.

Mirunda ya mikaratusi isiyowekwa dawa ni rahisi kwa bei, lakini mchwa huipenda. Ukiweza, nunua iliyotibiwa kiwandani, ile yenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Mabaki yake usiyapeleke jikoni kuwa kuni: dawa nyingi za mbao za rangi hiyo zina arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Jambo jingine ni oili chafu ya gari, ambayo hupakwa sana kwenye nguzo kufukuza mchwa. Naipinga kwa nguvu. Inalainisha na kudhoofisha nailoni inapoigusa, na inachafua udongo ambao utakula mboga zake. Ukiona njia za mchwa kwenye nguzo, zikwangue, ufuate hadi kwenye kichuguu na ukichimbue chote. Kuziba njia bila kufika kwenye kichuguu kunawachelewesha siku chache tu.

Kwa kitalu cha mabomba ya chuma, tofautisha bomba lililopinda na lililokunjika. Lililopinda kidogo laweza kunyooshwa mara moja, taratibu, bila nyundo. Lililokunjika kuta zake zimeshachoka. Ukilinyoosha litakunjika palepale upepo mdogo ukija. Kata sehemu hiyo, ingiza ndani bomba jembamba linalobana, lipite sentimita 30 kila upande wa kiungo, kisha funga kwa bolti au chomelea. Fundi asage zinki pale anapochomelea na afanyie kazi mahali penye hewa, kwani moshi wa zinki huleta homa na maumivu ya kifua. Akimaliza, kiungo kipigwe brashi ya waya na kupakwa rangi ya zinki. Kazi yote ya kuchomelea imalizike kabla nailoni haijafika uani. Cheche moja inatoboa matundu ambayo utayaona mvua ikinyesha.

Kabla ya kukaza chochote, pima kama nyumba imekaa mraba. Vuta kamba kutoka kona moja hadi kona ya mshazari, kisha kona mbili zilizobaki. Vipimo viwili vikilingana, umbo limenyooka. Vikipishana kwa zaidi ya sentimita chache, nailoni mpya itakunjamana upande mmoja na kukazika mno upande mwingine, na itachanika kwenye ule uliokazika. Nyoosha nguzo kwa timazi, kisha pigilia mbao za mshazari kwenye kona zote nne, kutoka juu ya nguzo moja hadi chini ya inayofuata. Sijui kwa nini mbao hizi huachwa. Ni za bei ndogo kuliko kitu chochote kingine kwenye kitalu, na ndizo zinazoamua kama nyumba itayumba au itasimama.

Kuna mzigo mmoja ambao karibu kila kitalu cha uani huubeba bila kustahili. Nyanya ndefu hufungwa kwa kamba, na kamba hufungwa kwenye kenchi. Mche mmoja wenye matunda unaweza kuning'iniza kilo 5. Miche 200, ambayo ni ya kawaida kwa kitalu kidogo, inafika tani 1, na tani hiyo inaning'inia kwenye paa lililotengenezwa kubeba nailoni. Upepo ukija, paa limeshachoka. Katika ukarabati huu, wape mazao nguzo zao wenyewe: nguzo mbili imara kila mwisho wa tuta, zikiwa na vishikizo vya ardhini, na waya mnene uliokazwa kati yake, ukiegemezwa na fito kila mita tatu hivi. Kenchi isiguswe na kamba hata moja. Ukifanya badiliko hili pekee umerefusha maisha ya paa kuliko kununua nailoni ya gharama kubwa.

Tukifika kwenye nailoni, swali ni kuziba au kubadilisha. Ikate kipande kidogo pembeni, ukivute kwa vidole. Kikirefuka kwanza kabla ya kukatika, nailoni bado ina uhai. Kikikatika papo hapo kama karatasi, usipoteze hela kuiziba. Nailoni halisi ya kitalu yenye kinga ya jua na unene wa mikroni 200, yaani milimita 0.2, huishi miaka 3 hadi 5 ikitunzwa. Nailoni ya kawaida ya ujenzi, hata ikiwa nene kiasi gani, huuawa na jua letu ndani ya miezi. Usiikubali kwa sababu imepungua bei.

Kuziba kunataka usafi. Osha pande zote mbili kwa maji na sabuni kidogo, acha ikauke kabisa, kisha kata kiraka kutoka nailoni ya aina ileile kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kona za kiraka zizungushe, kwa sababu kona kali huanza kubanduka kwanza. Bandika kwa utepe maalumu wa kurekebishia nailoni ya kitalu, ndani na nje. Utepe wa kufungia maboksi hugeuka njano na kuachia baada ya wiki chache, ukiacha gundi inayozuia kiraka kingine kushika. Mpasuko mrefu kuliko mita moja, au mipasuko mingi upande mmoja, inakuambia badilisha kipande kizima.

Ukibadilisha, usipime kwa macho. Tupa kamba juu ya paa kutoka ardhi hadi ardhi, ipime, ongeza nusu mita kila upande kwa ajili ya kufukia au kufungia. Urefu nao uongeze mita moja kila mwisho. Kabla ya kutandika, pitisha kiganja juu ya kila bomba na kila mbao. Chochote kitakachokukwaruza kitakwaruza nailoni: misumari iliyochomoza, ncha za waya, mishono ya kuchomelea. Piga tupa, kisha zungushia vipande vya nailoni ya zamani au kitambaa. Upande wa juu wa mabomba, pale nailoni inapolalia, paka rangi nyeupe ya maji. Bomba tupu likipigwa na jua hupata joto linaloichoma nailoni polepole, na ule mstari ulionyooka wa mpasuko niliousema hutokea hapo.

Siku ya kutandika iwe ya utulivu, asubuhi baada ya ubaridi kuondoka lakini jua halijawa kali. Nailoni ikivutwa mchana wa joto hurefuka, na usiku hujikaza kupita kiasi. Ikivutwa alfajiri ya baridi hulegea jua likitoka. Soma maandishi yaliyochapwa ukingoni yanayoonyesha upande wa nje. Watu wanne wanatosha kwa kitalu kidogo, wawili kila upande, wakivuta sawasawa. Funga mwisho mmoja, vuta, funga wa pili, ndipo uje pembeni. Usipigilie msumari moja kwa moja kwenye nailoni. Weka papi juu yake, mkunjo wa nailoni ukiwa umebanwa kati ya mbao mbili, kisha pigilia. Kwa mabomba, reli ya alumini na waya uliokunjwakunjwa unaoingia ndani yake hushika vizuri zaidi kuliko klipu, na siku ya kubadilisha unauvuta tu ukatoka. Iliyolegea hupiga kama bendera, na kupigapiga huko ndiko kunakoua nailoni zaidi ya nguvu yenyewe ya upepo. Rudia kuikaza baada ya wiki ya kwanza.

Viuatilifu vyenye salfa na klorini huidhoofisha kinga ya jua iliyomo kwenye nailoni. Ukipuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, elekeza kwenye mimea, usiogeshe paa.

Neti ya pembeni wengi huirudisha ilivyo, ikiwa na matundu, wakidhani ni pambo. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini na kufika nchini mwaka 2014 hivi, anahitaji tundu dogo tu. Ziba au badilisha neti, na ujenge chumba kidogo cha kuingilia chenye milango miwili, mmoja ukifungwa kabla wa pili haujafunguliwa. Ila kuna utaratibu hapa. Usifunge neti kabla hujatoa masalia yote ya nyanya, bilinganya na viazi, maana kantangaze huweza kugeuka pupa na kukamilika akiwa udongoni. Ukiwahi kufunga umewafungia ndani. Toa kila jani, choma au fukia mbali, acha kitalu bila mimea ya jamii hiyo kwa wiki sita hivi, kisha weka mtego wa harufu kuhakikisha kama bado wapo.

Na wakati huo wa kusubiri ndipo udongo unapopata zamu yake. Ukweli mchungu ni kwamba vitalu vingi vya uani vilikuwa vimeshashindwa kabla upepo haujaja. Vilishindwa chini. Mwaka wa kwanza nyanya zilibeba, mwaka wa pili zikapungua, wa tatu zikaanza kunyauka zikiwa kijani mchana na kuamka usiku, kisha zikafa. Kurudisha paa jipya juu ya udongo wa namna hiyo ni kuezeka nyumba ya ugonjwa. Kama uliona mnyauko msimu uliopita, fanya jaribio hili: kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, utundike kipande kwenye glasi ya maji safi, utazame kwa dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Zisiposhuka na ndani ya shina pana mistari ya kahawia, shaka iende kwa mnyauko wa ukungu. Mizizi yenye vinundu ni minyoo fundo.

Kwa minyoo fundo na kwa fangasi wengi wa udongo, ile nailoni ya zamani niliyokuambia usiikatekate ndiyo dawa yako. Palilia udongo, usawazishe, umwagilie mpaka unyevu ufike sentimita 30, kisha utandike nailoni hiyo ikiwa imeziba kila ukingo kwa udongo. Iache wiki 4 hadi 6 katika miezi ya jua kali: Januari na Februari kwa Arusha, Oktoba na Novemba kwa Dodoma. Joto linalojikusanya chini yake huua mayai, mbegu za magugu na vimelea vingi vya tabaka la juu. Matundu madogo yaliyomo kwenye nailoni yazibwe, kwa kuwa joto likivuja kazi haifanyiki.

Mnyauko bakteria ni habari nyingine. Joto hilo huupunguza, haliumalizi, na kuacha shamba wazi msimu mmoja hakuutoi. Aliyeupata achague kati ya njia mbili: miche iliyobebeshwa kwenye shina la aina stahimilivu, au kupanda kwenye mifuko na ndoo zenye udongo wa msituni uliochemshwa au mchanganyiko wa pumba za mpunga zilizounguzwa na samadi iliyoiva, bila mizizi kugusa ardhi ya kitalu. Ama abadilishe zao kabisa. Matango na mboga za majani kama spinachi hustawi pale nyanya ilipokataa.

Paa lililoezuliwa lina faida moja ambayo watu huipoteza kwa haraka ya kufunika. Udongo wa kitalu haunyeshewi, hivyo chumvi za mbolea hujikusanya juu mwaka baada ya mwaka, na unaweza kuziona kama unga mweupe kwenye matuta yakikauka. Kama magonjwa si tatizo lako lakini mimea imedumaa na ncha za majani zinaungua, acha mvua mbili tatu nzito ziusafishe udongo kabla ya kurudisha nailoni, mradi maji yana pa kutokea. Upimaji wa udongo unafanyika kwenye chuo kikuu cha kilimo cha SUA, Morogoro, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza, na wataalamu wa mboga wapo TARI Tengeru. Bibi shamba au bwana shamba wa kata yako atakuelekeza namna ya kuchukua sampuli.

Maji ya paa nayo yana thamani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kitalu cha mita 8 kwa 15 kikinyeshewa milimita 20 kinamwaga lita 2,400. Bila mfereji maji hayo yanaangukia kwenye shina la nguzo ulizozitengeneza kwa taabu. Weka mfereji wa bati au bomba la plastiki lililopasuliwa, uelekeze kwenye tangi, na yale yanayofurika yachimbiwe mtaro wa kuyapeleka mbali.

Niseme wazi kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar: si kila kitalu kinastahili nailoni tena. Katika joto la pwani, kitalu kilichofunikwa kote kwa nailoni huchemka hadi nyanya kudondosha maua, na misumari hushika kutu kwa chumvi ya hewa. Nguzo zako zikiwa bado nzima, zigeuze ziwe banda la neti: neti ya kuzuia wadudu pembeni na neti ya kivuli juu, nailoni ibaki utepe mwembamba wa kukinga mvua juu ya matuta tu. Upepo hupita, joto hushuka, na gharama ya dhoruba inayofuata ni ndogo. Nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai inaunguza mimea, nailoni ina kazi yake na irudishwe.

Wengine hujenga ukuta mrefu wa tofali kuukinga upepo. Ukuta mzito hauuzuii. Huurusha juu, ukaanguka nyuma kwa vurugu, mara nyingi juu ya paa la kitalu. Kizuizi bora ni kile kinachopitisha upepo kiasi: safu ya matete, mianzi au migrivea iliyopunguzwa matawi, ikipandwa upande upepo unakotoka. Safu hiyo hupunguza kasi kwa umbali wa karibu mara 10 ya kimo chake, kwa hiyo ipande mbali ya kutosha isikitie kitalu kivuli wala mizizi isiibe maji.

Nailoni iliyokwisha kabisa, baada ya kazi ya udongo, ioshwe, ikunjwe, ipelekwe kwa wanunuzi wa plastiki chakavu. Isichomwe uani. Moshi wake ni sumu, na vipande vilivyofukiwa vitarudi juu kila utakapolima.

Mvua za masika kwa mikoa ya kaskazini na pwani huanza Machi, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangulia upepo mkali kwa siku kadhaa. Zifuatilie. Zege linahitaji wiki moja, udongo unahitaji wiki sita, na fundi mzuri huwa na foleni. Hesabu siku hizo kurudi nyuma, na kama kitalu chako kimesimama lakini hujagusa nguzo zake mwaka huu, chukua bisibisi wikiendi hii ukazikague.